Bibi hakumbuki kama tulikuja. Tuendelee kwenda kusali naye?

*"Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, Buhongwa, Mwanza. Tangu mwaka jana, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwenye makao ya wazee saa kumi jioni, tukiwa na kwaya, kinanda na spika, pamoja na sabuni, sukari na unga. Kuna bibi mmoja ana ugonjwa wa kusahau. Kila tukifika ananiuliza mimi ni nani, na tukianza kusali analia. Mwenzangu anasema tunapoteza muda, kwani tukitoka getini ameshasahau. Bibi huyohuyo huongea na mtoto wake aliyefariki zamani. Mwinjilisti wetu anasema hilo ni pepo, anataka tufunge kula siku tatu kwa ajili yake, na yeye bibi afunge, halafu tumwombee kwa nguvu mpaka afunguliwe. Kuna babu Mwislamu ambaye hukaa nasi tukiimba. Hatujui kama tumwekee mikono kama wengine. Sasa mwinjilisti amepanga wazee watatu, akiwemo bibi huyo, wapelekwe ziwani wabatizwe kwa maji mengi kabla Bwana hajawachukua. Matroni hakufurahi, akasema tupunguze kelele na tumwone mfawidhi, yaani mkuu wa makao. Je, sala inamsaidia nini mtu asiyekumbuka? Na mpaka wetu uko wapi?"*

Dada katibu, nianze na neno la mwenzako, maana ndilo linalobeba mengine yote. Anadhani kisichokumbukwa hakikufanya kazi. Mimi ni muuguzi, nimehudumia wazee muda mrefu na sasa nafundisha watu wa makanisa namna ya kuwatembelea, na nakuhakikishia kwamba hapo amekosea, tena kwa sababu zinazoelezeka.

Ugonjwa wa kusahau haufuti kila kitu kwa wakati mmoja. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, ile ya Alzheimer, sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo kila upande, usawa wa masikio. Kazi yake ni kulipokea jambo la leo na kulitunza ili kesho lipatikane. Ikidhoofika, bibi hawezi kulitunza jina lako hata umtajie mara kumi. Lakini sala aliyoikariri akiwa binti mdogo haikai hapo tena. Imeshasambaa sehemu nyingine za ubongo, na yale yanayofanywa na mwili, kama kupiga ishara ya msalaba, kupiga magoti, kupiga makofi kwa mpigo wa wimbo, yamekuwa mazoea ya mikono na miguu yenyewe. Ni kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni: boma linaweza kuhama na nyasi zikaota kotekote, lakini njia iliyokanyagwa miaka mingi bado utaiona. Ndiyo maana mzee asiyejua leo ni siku gani anaweza kuimba beti tatu bila kukosea.

Jambo la pili ni hisia. Watafiti wamewahi kuwachunguza watu ambao hipokampasi zao zimeharibika, wakawaonyesha filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Muda mfupi baadaye filamu imeshasahaulika, lakini huzuni au furaha bado ipo, na mwenyewe hajui imetoka wapi. Kwa hiyo mkitoka getini bibi amewasahau, sawa, ila hakurudi alivyokuwa kabla hamjaja. Amebaki na utulivu au amebaki na hofu, na usiku ule matroni ndiye anayevuna mlichopanda. Mwulize matroni bibi huwa analalaje siku mnazokuja. Jibu lake litakufaa kuliko mahubiri yangu.

Na kama Wakristo tuseme lililo letu: Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hata tusipojua kuomba ipasavyo, Roho hutuombea. Sijawahi kuona mahali alipoweka sharti la kukumbuka.

Sasa tuje kwenye namna mnavyosali naye. Kabla ya kumletea nyimbo zenu za sasa, jueni alilelewa katika kanisa gani. Ukanda huu wa ziwa una mizizi mingi. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walifika Kageye mwaka 1878, na misheni ya Bukumbi ikaanza 1883. Upande wa Nassa ndiko kanisa la AIC (Africa Inland Church) lilikoshika mizizi. Kuna Waanglikana, na kuna Waadventista wengi kuelekea Majita. Bibi wa miaka themanini na ushei aliyelelewa Mkatoliki aliisikia Misa ya Kilatini utotoni mwake, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kufungua mlango wa lugha zetu. Kwa hiyo siku akianza kunong'ona "Pater noster, qui es in caelis", tafadhali, asitokee mtu wa kusema ananena kwa lugha, wala wa kumkemea. Anasali Baba Yetu.

Hata Baba Yetu yenyewe ina mapito yake. Mkatoliki husema "utakalo lifanyike" mahali ambapo ninyi pengine mnasema "mapenzi yako yatimizwe", na mwishoni yeye husema "utuopoe maovuni" akamaliza kwa Amina huku ninyi mkiendelea na ufalme na nguvu. Kwenu ni tofauti ndogo. Kwake, aliyebakiwa na njia moja tu, ni kujikwaa. Salini ya kwake. Anzeni polepole, mistari miwili, kisha mnyamaze. Mkimpa nafasi, mara nyingi ataimalizia mwenyewe, na hapo ndipo ibada yenu imefika mahali pake.

Lugha pia. Kadiri ugonjwa unavyosonga, wengi hurudi kwenye lugha ya mama, na Kiswahili, ambacho wengine walikipata shuleni au sokoni, huanza kuchoka. Katika kikundi cha akina mama wa Buhongwa hakosekani Msukuma wa kumwambia bibi "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na kumwuliza kama ni mhola, yaani salama. Kama ni Mkerewe au Mjita, tafuteni wa kwao hata kwa jirani. Na unapofika, usimwulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani ambao ataufeli mbele za watu. Inama usawa wa macho yake, mpe shikamoo, subiri marahaba, kisha jitaje: "Mimi ni mama fulani wa kanisani Buhongwa, nimekuja kusali na wewe." Sema hivyo kila safari bila kuonyesha umechoka.

Kuhusu machozi, siwezi kukuambia kutoka hapa yanatoka wapi, ila naweza kukuambia cha kutazama. Akilia huku pumzi zinatulia, mkono unautafuta wa kwako, na midomo inafuata maneno, mwache alie; anaguswa, na watu wazima wana haki ya kulia kanisani. Akilia huku anajivuta nyuma, anashika nguo zake, anatazama mlango, acheni hapohapo. Wapo pia waliowahi kupata kiharusi ambao hulia au kucheka ghafla bila huzuni wala furaha, kwa sababu ubongo umepoteza breki za uso. Hilo muuguzi wa makao atakuwa analijua. Na tazama kitu kimoja zaidi: analia sala inapoanza, au spika inapowashwa?

Nauliza hivyo kwa sababu ya masikio. Uzee hula kwanza sauti nyembamba. Mzee anasikia mtu anaongea, lakini herufi kama s, f na sh zinapotea, kwa hiyo maneno yanafika yamekatika katika. Ukipiga kelele unapandisha sauti iwe nyembamba zaidi, na spika kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji na bati inaongeza mwangwi juu yake. Kinanda kikiingia chini ya mahubiri, kwa mzee ule ni mngurumo tu. Matroni hakuwa na kiburi, dada. Alikuwa anawaambia jambo la kitaalamu kwa maneno machache. Acheni spika nyumbani. Imbeni kwa sauti za vifua vyenu, za chini kidogo, mkiwa mmekaa karibu, na anayesoma Neno aelekee uso wa mzee ili midomo ionekane.

Badilisheni na saa. Wengi wenye ugonjwa huu huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama, na saa kumi jioni mnawakuta wakiwa wamechoka. Saa nne asubuhi ni afadhali, baada ya chai na kabla ya chakula cha mchana. Na msiende wote kwa mkupuo. Wanne wanne, kila wiki, dakika ishirini au thelathini, kunawafaa wazee kuliko basi zima mara moja kwa mwezi. Najua hili ndilo litakaloleta mjadala kwenye kikao chenu, maana basi zima ndilo linalopendeza kwenye picha. Kuhusu picha zenyewe: msimpige mzee asiyeweza kuelewa zitakwenda wapi, na asiyekataa kwa sababu amepokea sabuni yenu hajakubali. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, lakini hata bila sheria, fikiria kama ni mama yako.

Nikae kidogo kwenye hili la pepo, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia.

Kuongea na mtoto aliyefariki kuna maelezo zaidi ya moja. La kwanza: kwa mtu ambaye miaka ya karibuni imepotea, ya zamani ndiyo ipo leo. Mtoto wake hajafa. Yuko nje, amechelewa kurudi. La pili: ipo aina nyingine ya ugonjwa huu, ile ya chembe za Lewy, ambayo humfanya mtu aone watu au wanyama waziwazi kabisa. La tatu ndilo la haraka: kama kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, kwa saa au siku chache, kwa mzee ambaye wiki iliyopita alikuwa na nafuu, hapo huwa tunatafuta maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya iliyomchanganya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa ya kuonekana. Mkifunga siku tatu mkisubiri pepo atoke, mnaweza kuwa mmechelewesha sindano ya kumponya.

Mfikirieni sasa bibi huyo siku ya maombezi ya nguvu. Haelewi ninyi ni nani. Ghafla watu wamemzunguka, mikono iko kichwani, sauti zimepanda, mtu anamwamuru mwingine, ambaye bibi hamjui, atoke. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, anajaribu kusimama akimbie. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, wengi hawarudi tena kutembea. Na kumwambia afunge, mtu anayetumia dawa za kisukari au presha na anayekula kidogo tayari, ni hatari tupu. Mkitaka kufunga, fungeni ninyi.

Lipo na jingine ambalo sisi watu wa kanda hii tunalijua, hata kama hatulisemi kanisani. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho ya miaka mingi ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Miongoni mwa wanaoishi makaoni wapo waliokimbia vijiji vyao kwa sababu hiyo. Hamjui historia ya bibi huyo. Mhubiri akisimama mbele ya wenzake akatamka kwamba ana pepo, au akamtaka atubu uchawi, amemrudishia ile tuhuma mpaka kitandani alikokimbilia, na ninyi mtapanda daladala kurudi Buhongwa mkimwacha aishi nayo pale. Hapa sina la kupima kwenye mizani: msifanye. Akiongea na mwanawe, mwulizeni anaitwa nani, alipenda kula nini, kisha mwombeeni amani mama aliyemzaa. Si lazima mumwambie kila mara kwamba mtoto alikufa. Kila akiambiwa ni msiba mpya.

Babu Mwislamu anakaa nanyi kwa hiari yake, pengine kwa sababu Jumapili jioni ina upweke na nyimbo zina watu. Mpeni kiti. Msimwekee mikono, msimwombee kwa jina la Yesu kwa kumstukiza, na msigeuze sukari kuwa chambo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa uhuru wa dini yake, na makao yale ni nyumbani kwake. Mwulizeni: "Babu, tukutajeje katika sala zetu, au tukae tu tuzungumze?" Akisema ombeni, ombeni kwa staha. Akisema hapana, zungumzeni habari za uvuvi. Ikiwa hakuna anayekuja kumsalimia kutoka msikitini, mwambieni mfawidhi amtafutie. Hiyo ni huduma pia.

Safari ya ziwani, kwa maoni yangu, isifanyike. Nampa mwinjilisti haki yake: ana uchungu wa kweli na roho za watu, na kanisa lake linafundisha ubatizo wa kuzamishwa. Lakini kwa bibi huyu kuna maswali mawili ambayo hayajajibiwa. Je, anaelewa anachokubali? Mtu anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali hajatoa ridhaa, na kwa makanisa yanayobatiza watu wazima, kuelewa ndio msingi wenyewe. Halafu, je, hakubatizwa tayari? Huenda jina lake liko kwenye daftari la parokia tangu utotoni. Tena kuna mwili: mawe yanayoteleza, maji yanayopoza kifua chembamba, pumzi fupi, maji kupaliwa. Na kichocho. Vijidudu vyake huingia kupitia ngozi kwenye maji ya kina kifupi penye konokono, na dakika chache zinatosha. Hao wazee wawili wengine, kama wana akili timamu na wameomba wenyewe, ni watu wazima. Wazungumze na mchungaji faraghani mara zaidi ya moja, daktari wa makao atoe neno, na kanisa liangalie kama lina njia nyingine ya maji kwa mgonjwa. Mkatoliki akitaka mpako wa wagonjwa au komunyo, mwiteni padre wa parokia iliyo karibu. Kumletea mtu wa kanisa lake hakupunguzi huduma yenu hata kidogo.

Zawadi niziguse haraka. Mkabidhini mfawidhi, msigawe mkononi: mwenye kisukari atamaliza sukari yenu kwa siku mbili, na aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na biskuti. Mkipika, kumbukeni Mwadventista hali kambale kwa kuwa hana magamba; sato hana tatizo. Kwenye makao kama ya Bukumbi, wilayani Misungwi, mnaweza kukutana na wazee waliowahi kuugua ukoma. Aliyetibiwa akapona haambukizi, kwa hiyo mshikeni mkono kama mnavyowashika wengine. Ila neva za vidole zilizokufa hazirudi: kikombe cha uji wa moto kitamuunguza bila yeye kuhisi, basi kipozeni kwanza.

Katika barua yako yote, dada, kuna wanaoomba na wanaoombewa, na wazee wote wako upande mmoja. Hilo ndilo ningependa mlibadilishe kabla ya mengine. Watu hawa wamezika wazazi, wamelea, wengine walikuwa makatekista na viongozi wa kwaya kabla wewe hujazaliwa. Makaoni wanaoshwa, wanalishwa, wanapangiwa saa ya kulala. Karibu kila kitu wanatendewa. Sala ni moja ya mambo machache ambayo bado wanaweza kumtendea mtu mwingine. Mwambie bibi: "Mwanangu ana mtihani wa kidato cha nne, naomba umwombee," kisha weka kichwa chako chini ya mkono wake. Anaweza kusema maneno matano yasiyofuatana. Anaweza kusema "Mungu" na kunyamaza. Itikia Amina na umshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, kama ungemshukuru askofu. Mzee mwingine mpe kazi ya kuanzisha wimbo, mwingine ya kufunga. Utashangaa ni nani atakayeketi wima.

Kuna mambo ambayo jibu langu halitoshi. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, uso kupinda au mkono kulegea, kukataa kula na kunywa, kifua kubana: mwite muuguzi wa makao saa ileile, na msiondoke mpaka amekuja, wao ndio watakaoamua kama ni hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando. Mzee akisema amechoka kuishi, msimkemee kwa kukosa imani. Kaeni naye, na mwambieni muuguzi au afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, kwani sonona ya uzeeni inatibika. Mkiona michubuko isiyoelezeka, au mzee akinong'ona kwamba anapigwa au anaibiwa pesa, msiliombee kimyakimya. Mpeleke habari kwa mfawidhi, na kama yeye ndiye anayetajwa, kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au dawati la jinsia la polisi. Na mtu yeyote wa kundi lenu akimwambia mzee aache dawa kwa sababu ameshaponywa, huyo asirudi tena kule.

Kwa wiki hii, nenda na mchungaji wako kumwona mfawidhi kama matroni alivyoomba. Nenda na daftari. Uliza bibi ni wa kanisa gani, ndugu zake ni akina nani, ana tatizo gani linalojulikana, na kuongea na mwanawe kulianza lini. Suala la ziwani mlimalize kwenye kikao hichohicho, mwinjilisti akiwepo, kabla halijatangazwa madhabahuni.